Gego la Chini, Upande wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Gego linauma! La chini, kulia. Meno ya mbele, kama nilivyoyaona kwenye vioo vya kinyozi kutwa nzima (kinyozi ni mimi), yanang'aa kama sahani mpya. Na Ijumaa mpiga picha anakuja kwa ajili ya bango la duka letu: nusu kinyozi, nusu ushonaji. Nafasi ya sura kwenye bango ni moja tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mshonaji, naye anaitaka iwe yake. Mke kaamua: mwenye kinywa kizima ndiye atakayechekea wateja. Gego ni siri yangu.

Jumanne, 5 Machi
Swali limeninyima raha. Mswaki mmoja, sukari ile ile, mdomo mmoja. Kwa nini lioze la nyuma, la mbele lisalimike? Nikachukua kioo cha kuonyeshea wateja visogo, nikapanua mdomo. Mteja mwenye povu kidevuni akauliza kama nimepatwa na jambo. Lo! Juu ya gego kuna mabonde na mifereji! Jino la mbele ni laini kama ukuta uliopigwa lipu. Nina akili mimi.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio. Nimepaka meno rangi nyekundu ya keki, kisha nikapiga mswaki. Itakapobaki ndipo uchafu unapojificha. Imebaki kwenye mifereji ya magego. Imebaki katikati ya jino na jino. Imebaki kando ya ufizi. Upande wa ulimi, safi! Nikaruka kwa furaha. Shemeji akachungulia pazia, akauliza nimemng'ata nani. Nikamweleza utafiti wangu. Akasema yeye hupitisha uzi wa meno katikati ya jino na jino kila jioni, basi. Majivuno hayo!

Alhamisi, 7 Machi
Dawa ni kuziba mifereji! Nikalainisha nta ya mshumaa, nikaishindilia kwenye gego, nikauma kupima. Taya zikagandana. Mteja akaniamkia, nikamwitikia kwa kupunga kitana. Mke akanikokota hadi kwa daktari wa meno, mama mwenye taa kipajini. Akabandua nta huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Akasema rangi haikunidanganya. Mswaki haufiki vizuri kwenye mifereji wala katikati ya meno. Vijidudu hukaa humo, hula sukari, hutoa asidi, asidi hutoboa. Sehemu laini husuguliwa na ulimi na mashavu, na mate huziosha.

“Umegundua vizuri, baba,” akasema. “Ila nta tuiachie mishumaa.”

Akasafisha shimo, akaliziba. Sindano ya ganzi ilinifanya nidondoshe mate njia nzima.

Ijumaa, 8 Machi
Mpiga picha akaniambia nicheke. Nikacheka. Akashusha kamera, akauliza kama naumwa. Wekundu bado ulikuwa katikati ya meno! Bango limekwenda kwa shemeji. Akanizawadia kikopo cha uzi wa meno, eti tusahau yaliyopita. Uzi imara sana. Nimefungia kioo kilicholegea.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza tangu asubuhi. Laini haiozi. Yenye mifereji huoza. Basi kwa nini kuziba mifereji, wakati unaweza kuiondoa kabisa? Ajabu, daktari na masomo yake yote hakuliona hili! Nimeazima tupa ya kusugulia mbao kwa seremala. Naanza na magego ya juu, yawe tambarare kama meza. Mke ameuliza tupa ni ya nini. Nimemwambia ni ya kucha.