Makayabu mbele ya mama mkwe

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Jumapili iliyopita watafiti wa magonjwa ya moyo walikuja parokiani kutupima. Presha yangu iko juu. Wakanishauri: chumvi kidogo, mafuta kidogo, mboga kwa wingi. Na makayabu, wale samaki wa chumvi, niwaache kabisa. Nikasimama mbele ya waumini wote nikatangaza kwamba mimi na makayabu tumeachana. (Nani aliniomba nitangaze?) Mama mkwe akapiga vigelegele.

Nimevumilia mpaka leo mchana. Mke wangu alinifungia matembele bila chumvi. Nikamgawia mwenzangu wa ofisini, nikapanda pikipiki ya taksi-moto hadi malewa moja ya mtaa wa Manika, kibanda cha chakula ambako hakuna anayenijua. Bukari ya moto, ugali wetu! Makayabu wanaogelea kwenye mafuta mekundu! Nikatia mdomoni tonge la kwanza. Kubwa.

Mara mlangoni akatokea mama mkwe, kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Kumbe ndiye anayewauzia mboga!

Sasa, kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hata kukuona unatafuna ni mwiko. Kumeza siwezi, kutema siwezi. (Tonge lenyewe ngumi nzima.) Nikatulia kama gogo.

"Tata, jambo! Ni weye?"

Nikainamisha kichwa. Jasho likanitiririka, machozi yakanilengalenga. Nikaweka mkono kifuani, kwa heshima tu.

Lo! Akatua kapu, akapiga yowe: "Moyo! Moyo ya mukwe wangu! Bantu, mukuye, eko anakufa!"

Malewa nzima ikanirukia. Mmoja ananilegeza mkanda, mwingine ananipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mumulalishe chini!"

"Hapana, mumupige mu mugongo!"

Wakanipiga. Tonge likaruka likatua juu ya sombe, makayabu na miba yao.

Mama mkwe akatazama kapu. Akatazama sahani yangu. Kisha akajifunika uso kwa kitenge na kunigeuzia mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Tata," akasema polepole, "mi sikuona kitu. Lakini bibi yako, nitamwambia byote bile sikuona."

Naandika haya nikiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Wako ndani wote wawili, mke wangu na mama yake, nawasikia wanavyocheka. Kuingia naogopa.

Na wewe unayesoma, ukicheka, presha ikupande!