Ombi la Kukufanya Padrino wa Moshi

San José, California

Kwa Mheshimiwa Mwamuzi wa Moshi wa Magari,

YAH: GARI AINA YA MONTE CARLO, LA ZAMBARAU, LILILONYIMWA CHETI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mapafu yako hayana neno, maana ndiyo kazi yako. Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha kusindika matunda. Sijawahi kugombana na serikali ila mara moja, na chanzo kilikuwa jogoo.

Mwisho wa mwezi huu mjukuu wangu Itzel anafanyiwa quinceañera. Msichana akitimiza miaka kumi na mitano anaingia kanisani kama malkia, na katika ukoo wa Barragán malkia hufika na Monte Carlo ya familia, ikitambaa chini kwa chini karibu iguse lami. Gari lilikuwa la marehemu mke wangu, Hortensia. Bila cheti chako hakuna stika, na bila stika polisi watatusimamisha kabla ya taa ya kwanza. Kwa hiyo usinione napiga kelele za bure.

Injini ya zamani ilikuwa imechoka, inafuka kama jiko la kuni. Nikaing'oa, nikafunga ya kisasa iliyotoka kwenye gari la ajali. Fundi wa vipimo, Bwana Khoa, alipochomeka kifaa chake kwenye bomba la moshi alidhani kimeharibika. "Mzee, hili gari linapumua vizuri kuliko mimi!" Kisha akafungua boneti, akaguna. "Aa, hapa mimi siwezi. Nenda kwa Mwamuzi." Ndiyo maana nakusumbua, na malalamiko yangu ni haya:

1. Umri. Sheria inasamehe magari ya mwaka 1975 kurudi nyuma. Letu lilitoka kiwandani Novemba 1975, lakini vitabu vimeliandika la 1976. Mheshimiwa, ni mtoto gani anayezaliwa Novemba akahesabiwa wa mwaka unaofuata? Mama yangu mzazi asingekubali.

2. Fidencio. Huyu ni shemeji yangu, ana pikapu ya 1974. Akiiwasha, kuku wanakohoa. Hakaguliwi na mtu, na kila Jumapili hunipungia mkono kutoka ndani ya wingu lake: "Pole, shemeji! Ungetafuta kikongwe zaidi!" Sasa amejitolea kumpeleka Itzel kanisani na pikapu hiyo. Gauni ni jeupe. Naomba uitafakari safari hiyo ukiwa umekaa.

3. Kopo. Bwana Khoa anasema injini yangu inakosa kopo jeusi la kunasa mvuke wa petroli. Ni kweli. Lakini mahali pa kopo, mchoraji amemchora Bikira Maria wa Guadalupe na miale yake yote. Nikilifunga, linamkaa usoni. Siku ya kubariki magari, padri alifungua boneti hiyo hiyo, akanyunyiza maji, hakuuliza kopo. Je, ofisi yako iko juu ya padri? Nauliza tu, sitafuti ugomvi. Nitaongeza kwamba chetezo cha padri kinatoa moshi kuliko gari langu, na hakuna aliyekinyima cheti.

4. Suluhisho. Kwetu sherehe haibebwi na mtu mmoja. Kuna padrino, yaani baba msimamizi, wa keki, padrino wa viatu, padrino wa muziki. Kila mmoja anabeba mzigo wake, na tangu siku hiyo ni ndugu. Nafasi ya padrino wa moshi iko wazi, nami nakuomba uichukue. Utasaini cheti, utakaa kiti cha mbele kanisani, utakula birria, mchuzi wetu mzito wa nyama ya mbuzi, mpaka ulegeze mkanda, na utacheza waltz moja na Itzel baada ya baba yake. Ukishakuwa ndugu, hutaweza kuninyima kitu. Hii si rushwa, ni jambo la kanisa, au karibu na kanisa.

Wasalimie wote ofisini, hata yule dada wa dirishani aliyeniambia, "Baba, soma bango." Nimelisoma, halikunisaidia. Msalimie na mama yako.

Wako mtiifu, mwenye gari safi,
Eleuterio Barragán

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mezani, Itzel akaisoma, akanuna. "Babu, hiyo injini mpya siitaki. Iko kimya kama friji. Mimi nataka ile ya bibi. Nilikuwa naisikia nikiwa getini shuleni, hata kona bibi hajakata, najua amekuja kunichukua." Basi tumeitoa chini ya turubai, mimi na Fidencio, tukairudisha. Kila kifaa kipo kama kitabu chako kinavyotaka, hata kopo jeusi. Bikira nimemwomba radhi. Kilichobaki ni moshi, nao ni mwingi, Mheshimiwa, sikufichi. Kwa hiyo yote niliyosema juu ya usafi naomba uyafute, ila upadrino ubaki palepale. Jioni hii nimeiwasha. Ilikohoa, ikashika. Itzel alikuwa chumbani anajaribu viatu. Alitoka mbio mpaka kwenye ngazi, anacheka, halafu akakumbuka kwamba aliye kwenye usukani si bibi yake. Naomba cheti cha siku moja tu.