Masomo Kumi ya Ndoa kwa Mwendo wa Tatu

Jumatatu, 3 Novemba
Kanisa letu hapa Mweiga limebakisha Jumamosi moja tu ya harusi kabla ya Krismasi. Tunaoitaka ni jozi mbili: mimi na Lynn wangu, na Theuri wa lori la maziwa na mchumba wake. Pasta ameamua. Bwana harusi atakayemaliza kwanza masomo kumi ya ndoa kwenye tovuti ya kanisa, akajibu maswali ya Mama Pasta, ndiye ataichukua. Kila video dakika arobaini! Pasta huongea polepole, kama anayechagua mbegu za viazi. Theuri amenicheka, ati mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tutaona.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeenda Nyeri kwa Steve wa saiba, duka la intaneti. Ukurasa wa kanisa hauna kitufe cha mwendo, lakini Steve amenibandikia chake juu ya video kwenye simu yangu: moja, moja na nusu, mbili, tatu. Kwa mbili, Pasta analia kama kifaranga. Masomo manne kabla ya kukamua ng'ombe! Lynn amesema yeye anasikiza polepole na kuandika, kwa sababu ananipenda na anataka kujua anaingia wapi. Nikaona haya. Nikaweka tatu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemaliza! Theuri yuko somo la tano, maskini. Mama Pasta akauliza mume akikasirika afanye nini. Nikajibu bila kukwama: atafute mahari. Akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti. Mzee Wambugu, babake Lynn, alikuwa nje akirekebisha mfereji wa kanisa. Akaingia, akanipa mkono, akauliza mimi hukasirika mara ngapi kwa mwezi.

Jumamosi, 8 Novemba
Lynn amefungua daftari lake: "Ukikasirika, tafuta mahali patulivu." Pasta ni mtu wa kwetu, l huitamka r: akisema mahali, inasikika mahari. Na kwa mwendo wa tatu, "patulivu" sikulisikia kabisa. Nimeanguka. Tarehe imebaki kwa Theuri. Sisi ni Aprili! Nilidhani Lynn atalia. Alicheka hadi akakalia ndoo. Akasema atanisubiri, bora tusikize upya pamoja, mwendo wa kawaida. Nampenda huyu msichana, jamani.

Jumapili, 16 Novemba
Masomo tisa, mwendo wa kawaida, kwa kina Lynn. Mzee Wambugu bado anangoja nikasirike. Kesho ni la mwisho: Uvumilivu. Dakika arobaini! Nimechunguza. Lynn akienda jikoni, chai humchukua dakika ishirini. Kitufe cha Steve bado kipo. Nitaweka mbili tu. Tatu nimekoma.