Uso wa Msemaji

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha ukoo nyumbani kwa binamu yangu Lang'at, hapa Kiamunyi, Nakuru. Jumamosi tunakwenda Keringet kwa koito ya mpwa wangu Kibet, kumwombea mchumba, na anatakiwa msemaji. Mimi! Nani mwingine? Nina maneno, nina suti. Lang'at akakohoa. Akasema eti mwaka jana kule Kuresoi wenyeji walikosa raha kwa sababu msemaji wetu alikunja uso tangu maombi hadi chai. Msemaji huyo nilikuwa mimi. Sikukunja kitu. Huo ndio uso wangu! Wazee wakaamua niongee, ila Lang'at akae karibu, nikitisha watu achukue nafasi. Nimeumia sana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejitazama kwenye kioo cha bafu. Kweli, kuna mifereji miwili katikati ya nyusi. Ilikuja lini? Nikatabasamu, ipo. Nikawaza nyama choma, ikazidi. Nikauliza simu. Simu inajua kila kitu: kuna sindano, misuli inalegea, mikunjo inatulia. Na kliniki iko hapa mjini, juu ya duka la mapazia.

Mke wangu Chepkurui asijue. Amenikuta nikijivuta ngozi ya paji, akauliza kuna nini. Nikasema jino.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechomwa! Sikulia. Nilisema tu "uwi" mara kadhaa.

Nesi anaitwa Nyakio, mpole, mikono baridi. Akanipa masharti. Nisilale mapema. Nikilala, nilale chali, kichwa juu ya mito, nisigeuke kifudifudi. Nisikae karibu na moto. Nisiiname. Na zaidi ya yote, uso usisuguliwe na mtu yeyote, dawa isije ikahama. Nikataka kujua, ikihama inakwenda wapi? Akasema inaweza kushukia kope. Na ikipanda kichwani, inapunguza mawazo? Akasema hapana. Na kupiga chafya? Akatazama saa yake.

Nikiwa mlangoni akaniambia matokeo yataanza kuonekana baada ya siku kadhaa. Siku kadhaa! Koito ni kesho! Akasema, mzee, hilo ndilo ungeuliza kabla ya chafya.

Nimekusanya mito yote ya nyumba, hata ya sofa, na kujipanga kitandani. Chepkurui akauliza kama ninaumwa ama ninangoja wageni. Nikasema mgongo. Akasema juzi lilikuwa jino. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Ndipo nikakumbuka siagi. Siagi! Wakishakubaliana, wenyeji huwapaka wageni siagi usoni, kwa mkono, kwa upendo, kwa nguvu. Nimepakwa maisha yangu yote. Nilisahauje?

Jumamosi, 9 Agosti

Keringet, baridi ya kukata masikio. Wageni wote wamezunguka jiko. Mimi mlangoni, peke yangu, nikikwepa joto. Baridi ikanifanya nikunje uso zaidi. Wakati wa maombi kila mtu ameinama, mimi wima. Pasta akafungua jicho moja akanitazama. Mama ya binti akamuuliza Lang'at kwa sauti ya chini kama mzee wenu ana neno.

Lakini niliongea! Niliongea vizuri mpaka Lang'at mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Ng'ombe wakakubaliwa. Vigelegele. Kisha akaja shangazi ya binti, Chepkemboi, mkulima wa viazi, na bakuli la siagi. Nikampa shavu. Nikampa kidevu. Nikavua kofia nikampa upara. Yeye anataka paji. Mkono ulipokuja, nikaruka nyuma, nikagonga mlango.

Baba ya binti akasimama taratibu, akauliza kama upande wetu umebadilisha nia, kwa maana anayekataa siagi amekataa binti. Kibet akanitazama. Kijana wa watu alikuwa karibu kulia. Lang'at alishaanza kufunga koti ainuke, achukue nafasi yangu.

Nikafumba macho, nikampa Chepkemboi uso wote. Alisugua kama anayetoa udongo kwenye viazi. Alirudia. Vigelegele tena. Kibet akanikumbatia na nikafurahi kwa kweli, ila kujipangusa nikaogopa, maana kupangusa nako ni kusugua. Nimerudi Nakuru nikiteleza.

Jumatano, 13 Agosti

Mikunjo imetoweka! Pia jicho la kushoto linataka kulala na nyusi ya kulia imepanda, haishuki. Nimeivuta. Haishuki. Nimekula ugali nikiitazama kwenye kijiko, inashangaza kweli, inakaa huko juu yenyewe.

Chepkurui ameniketisha kitini, akaniuliza tena, jino ama mgongo? Nikasema yote. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba uso ule wa kukunja ndio aliouchagua, maana wanaume wote waliomchekea siku hizo walikuwa waongo. Nimeguswa. Nimejaribu kuonyesha kwamba nimeguswa, uso umekataa.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba ya binti ameleta viazi sokoni na kupitia kwetu kunywa chai. Hakuna pa kujificha. Akaanza kusema kwamba wamefikiri tena, wanaona iongezwe ndama mmoja. Mimi nilikuwa na chai mdomoni. Nyusi ikamwangalia. Akasema, ama tuseme basi ndama si lazima. Nyusi bado. Akasema sawa, mzee, tuache kama tulivyopatana.

Akiondoka akasema harusi ya Desemba wao wanataka aongee yule mzee anayepima maneno ya watu. Mimi! Nikampigia Lang'at simu papo hapo. Akasema hongera kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Sijawahi kufurahi hivi tangu nistaafu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi kwa Nyakio. Akasema pole sana, nisiwe na wasiwasi, jicho litafunguka baada ya wiki kadhaa, na kufikia Desemba uso utakuwa umerudi kama zamani. Desemba! Nikamwambia hiyo haiwezekani, nina harusi. Nikamwomba basi Novemba anichome tena, vilevile, jicho moja chini na nyusi moja juu. Akasema tangu aanze kazi hajaombwa kitu kama hicho, na hafanyi.

Sawa. Nimepata kliniki nyingine, Naivasha, hawaulizi maswali mengi. Nafasi nimeshaweka. Chepkurui nimemwambia siku hiyo nitakuwa Ndabibi kuangalia ng'ombe.