Jini la Birika la Bi Mardhiya

Rehani alikuwa amekwisha kuipita Winde, punda mbele yeye nyuma, na Saadani ilikuwa bado haijajua kwamba ameondoka. Hakumuaga mtu. Kuaga ni desturi njema kwa wauza vitu vinavyofanya kazi, na yeye aliwauzia wavuvi hirizi za kuwavuta kamba wavuni, wakavuta mwani. Punda ndiye mali yake yote duniani: wa kijivu, mpole, mwenye mwendo wa haraka pale tu mambo yalipoharibika. Mtu wa kazi kama ya Rehani haishi kwa ulimi peke yake. Huishi kwa ulimi na usafiri.

Bagamoyo aliingia asubuhi. Mji ulijaa wapagazi waliotoka bara, pembe za ndovu zimelazwa mabarazani, kelele kama za arusi. Mtaani Dunda akamwita Pazi, muuza kahawa, aliyepita akigonganisha vikombe. Kahawa ikamiminwa kutoka kwenye mdila, na juu yake vikaelea vipande vyeupe kama maganda ya yai.

"Hii kahawa, au umeniletea kitoweo?"

"Maji ya visima vyetu hayo, bwana," Pazi akasema. "Yanapita kwenye matumbawe, yanakuja na chokaa. Ukiyachemsha kila siku, chombo kinaota gome ndani. Zamani mdila huu ulichemka kabla sijamaliza kupiga miayo. Siku hizi unanilia kuni kama tanuri."

"Na wenzako?"

"Hakuna birika mji huu lisilo na gome."

Mtu mwingine angesikia habari za maji. Rehani alisikia mji mzima ukimwita kwa jina lake. Akaweka kikombe chini, akashusha sauti kama mtu aliye msibani.

"Pazi ndugu yangu, nani kakudanganya kwamba hiyo ni chokaa?"

Kufika adhuhuri, Dunda yote ilikuwa imepata habari. Lilikuwa jini. Jini jeupe la kisimani, lenye kulala ndani ya chombo. Leo limeota kwenye birika, kesho litaota kwenye figo za baba watoto. Dawa ipo, nyekundu, ndani ya vibuyu. Ilikuwa maji ya bahari yaliyotiwa hina, lakini yalikuwa yamesomewa maneno mazito ambayo hata msomaji hakuyaelewa. Na sharti lake: jaza chombo, funga kifuniko kwa kitambaa, usifunue mpaka Ijumaa baada ya sala.

"Atakayefunua kabla," Rehani alisema, "litamrukia usoni. Mimi simo."

Kila dawa ina sharti, na sharti nalo huponya. Humponya mganga.

Akina mama wakaleta kuku, wakaleta mchele. Jumatano Rehani alikuwa akifunga mapakacha juu ya punda ndipo akaja Bi Mardhiya, mjane aliyewapikia wapagazi, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba birika kwenye mti. Shaba nyekundu, kubwa kama ngoma, limesuguliwa likang'aa hata jua likaona haya. Kifuniko kimefungwa kwa kaniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jini langu kubwa mno. Ijumaa sitafika, nitakufa kwa hofu. Nipe punda wako, uchukue birika na jini lake. Wewe unaliweza."

"Punda? Mama, huyu ndugu yangu!"

"Haya. Likatupwe baharini."

Rehani akawatazama wale wanaume wakilitua, mishipa ya shingo imewatoka. Shaba huuzwa kwa mizani. Kwa mhunzi wa Dar es Salaam, mzigo ule ulikuwa punda watatu na tandiko lao. Gome alikwisha kuliona kwenye mdila wa Pazi, jembamba kama ganda la kitunguu. Hakufikiri kwamba kuna gome na kuna gome.

Hata hivyo mjanja hanunui mbuzi guniani. Akanyoosha mkono kwenye fundo la kaniki.

"We! We!" watu wakapiga kelele. "Fundi, leo Jumatano!" Pazi akasema.

"Nachungulia tu kidogo..."

Bi Mardhiya akarudi nyuma, akajifunika uso kwa mtandio. "Si ulisema litakurukia? Au haikuwa kweli, mwanangu?"

Wanawake wakawatazama kuku wao juu ya punda. Rehani akaona kwamba neno litakalofuata litamgharimu ama birika au meno.

"Kweli tupu," akasema, akaurudisha mkono.

Hapo hapo Bi Mardhiya akashika kamba ya punda, akamnong'oneza. "Na mapakacha ushushe, baba. Yarudi kwa wenyewe, au wataka nikupigie kelele za mwizi?" Akayashusha.

Hakupata mpagazi wa kumbebea, maana nani atajitwika jini? Akalibeba kichwani mwenyewe hadi Kaole, shingo ikizama mabegani, na huko nyuma ya kichaka akafunua. Ndani mlikuwa na jiwe. Jiwe jeupe, nene, miaka ishirini ya kisima cha Dunda, na katikati nafasi ya ngumi moja. Akaligonga apate walau shaba. Shaba ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na ndimu siku zote hizo, ikachanika kama ganda la ndizi. Halikuwa birika. Lilikuwa jiwe lililovaa kanzu.

Ijumaa vifuniko vilifunguliwa, na gome lilikuwapo, sasa jekundu. Watu walimfuata Rehani wakamkuta Kaole, shingo imekakamaa na miguu imevimba. Kwa adhabu alichota maji ya nyumba zile zote mpaka masika, kisha akaenda Kiwangwa kulima mihogo, akaoa huko. Pazi aliloweka mdila wake kwa ukwaju. Gome likatoka, mdila ukavuja, akanunua mwingine. Bi Mardhiya alimtumia punda kuleta maji ya mto Kingani, kule juu isikofika chumvi, akaacha kupika, akawa muuza maji. Punda alikufa kwa uzee.