Simu Tatu za Watahiniwa Wenzangu

Leo nimeaibika, na sitazunguka. Nimekamatwa na simu tatu mlangoni mwa chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Nina miaka arobaini na tisa.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ni seremala na sikusoma sekondari. Nilifaulu darasa la saba, nafasi hazikutosha. Shule ya kata yetu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa migongo yetu: kila kaya ilibeba mawe kutoka mtoni hadi juu kilimani. Yangu nayajua yalipo, kona ya jengo la ofisi. Wakaongeza maabara, wakaongeza bweni la wasichana, wakaanzisha masomo ya sayansi. Mimi nikaongeza madawati. Shule ile ina kila kitu changu isipokuwa jina langu kwenye rejesta.

Mwaka juzi chuo kimoja cha ufundi kilitaka nikafundishe useremala. Waliziona kazi zangu, wakasifu, wakanipa mkono. Kisha karani akaomba cheti cha kidato cha nne. Basi, ikaishia hapo. Miaka ishirini nimesoma vitabu vya sekondari peke yangu, lakini kichwa hakigongwi muhuri. Mwaka jana nikafanya mtihani wa maarifa, ule wa kumfungulia mlango asiyesoma sekondari, nikapita. Mwaka huu nikajiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo kimesema nafasi bado ipo, ila hawatasubiri mwaka mwingine.

Leo ilikuwa Historia, saa mbili kamili.

Nilifika saa moja kasoro dakika kumi. (Nilikusudia kasoro robo. Matope yalinichelewesha dakika tano. Naandika ukweli.) Nilivaa suruali nyeusi, shati jeupe, sweta na miwani, faili jeusi kwapani. Mke wangu alikuwa ameipiga pasi ile suruali hadi ikataka kutembea yenyewe. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Hakuna mtahiniwa anayevaa hivyo.

Wanafunzi wa shule walikuwa upande wa jikoni, kila mmoja na kikombe chake cha uji. Mbele ya chumba chetu walikuwapo vijana kama ishirini, wale wanaorudia mtihani. Waliponiona wakasimama wote.

"Shikamoo mwalimu!"

Sasa nisaidieni. Shikamoo ya mtoto huikatai. Neno la kukataa lilikuwa "mwalimu", lakini maneno yote mawili yalikuja yameshikana.

"Marahaba," nikasema.

Hapo ndipo ningeongeza: mimi pia ni mtahiniwa. Maneno manne tu. Sikuyasema, na sababu naikiri: lile jina lilinikaa vizuri.

Binti mmoja mwenye mtandio wa kijani akauliza, "Mwalimu, maji yanaruhusiwa ndani?"

"Yanaruhusiwa. Bandua karatasi ya chupa." (Maelekezo kwa watahiniwa nimeyasoma mara tatu na kuyapigia mstari.)

Akabandua. Wote wakabandua! Kijana mmoja, Rajabu, akauliza wapange mstari vipi. Nikamwambia kwa namba za mtihani. Wakapanga, tena vizuri. Nilisimama pembeni mikono nyuma, kama mtu aliyelipwa mshahara.

Kisha Rajabu akatoa simu mfukoni. "Samahani mwalimu, nilijisahau nayo. Nishikie, nisije nikafutiwa mtihani."

Nikaipokea. Nikaitia kwenye faili, na jina lake nikaliandika kwenye karatasi ili nisichanganye. Wawili wengine wakaona huduma ipo. Zikawa tatu.

Saa moja na nusu akaja msimamizi, mwalimu kijana ambaye ndevu zake bado zinajiuliza. Nyuma yake askari mwenye bunduki.

"Shikamoo mzee," akasema msimamizi kwa adabu. "Wazazi tunawaomba wasubiri getini."

"Marahaba. Mimi si mzazi."

"Aa, samahani sana. Umetoka ofisi ya elimu?"

Alikuwa tayari niwe chochote, isipokuwa kile nilichokuja kuwa.

"Mimi ni mtahiniwa."

"Nani?"

"Mtahiniwa!"

Mstari wote ukanigeukia. Kisha yule binti akapiga kofi. "Haa! Kumbe ni mwenzetu?"

Wakacheka hadi wengine wakaegemea ukuta. Rajabu akapaza sauti, "Mzee, naomba unirudishie shikamoo yangu!"

"Shikamoo iache, hiyo ni ya mvi," binti akamjibu. "Wewe dai simu yako."

Askari akageuka. "Simu gani?"

Akalichukua faili, akalifungua juu ya ukuta wa baraza mbele ya wote. Rula. Kalamu tatu. Simu. Simu. Simu.

"Mgoshi," akasema, yaani bwana kwa lugha ya kwetu, "mtihani huu ulitaka kuufanya na ukoo mzima?"

Nikadhani karatasi yangu ya majina itaniokoa. Nikaitoa mwenyewe! Msimamizi akaisoma taratibu. Majina matatu yenye namba, na juu yake kichwa cha habari nilichokipigia mstari kwa rula: WENYE SIMU.

"Mzee, unajua huu ni udanganyifu? Haifutwi Historia peke yake. Inafutwa yote."

Sikucheka, wala mstari haukucheka tena. Nilimwaza yule karani na mkono wake ulionyooshwa kuomba cheti.

Rajabu akatoka kwenye mstari. Angeweza kunyamaza. "Moja ni yangu, mwalimu. Tulidhani yeye ndiye msimamizi."

"Aliwaambia yeye ni msimamizi?"

Binti akajibu, "Hakusema. Lakini hakukataa."

Ushahidi wake sina cha kusahihisha.

Simu zikafungiwa ofisini. Sisi wanne tukaamriwa kuandika maelezo kabla ya kuingia. Wenzangu waliandika mistari mitatu, wakaenda. Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu, wenye utangulizi, sababu na hitimisho.

"Mzee," msimamizi akasema akitazama saa, "mistari mitano ingetosha."

Nilipoingia, zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano tangu mtihani uanze. Dawati nililopewa nililitengeneza mimi, kwa kipimo cha mtoto wa miaka kumi na tano. Magoti yaligoma kuingia, nikaandika nimekaa upande kama mtu anayepanda punda. Insha ya mwisho ndiyo niliyoijua kuliko zote. Kengele ilinikuta aya ya pili.

Wakati wa kutoka nilimwuliza msimamizi hali yangu ikoje.

"Maelezo yako nitayapeleka mbele, na nimeandika kwamba simu si zako. Wataamua wao. Wewe endelea na mitihani iliyobaki."

"Wataamua lini?"

"Labda wakati wa matokeo."

Kwa hiyo kesho nakwenda kufanya Jiografia ambayo huenda tayari imefutwa. Nawaomba ndugu zangu msicheke kwanza. Ngojeni matokeo: nikifutiwa, mtacheka mara moja kwa yote, na mimi nitawapangia mstari.