Kichwa cha Mwahija Kilivyong'aa

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mchinga.
Mwezi wa tano tangu niondoke Sumbawanga. Mama anadhani mimi ni mpimaji. Nilimwambia hivyo kwenye simu. Ukweli: nabeba jenereta, naosha kofia, namwaga ndoo.

Kofia ina vitufe vya chuma. Vikigusa ngozi ya kichwa, mawimbi ya ubongo yanatokea kwenye kompyuta. Mpimaji ni Dada Debora, anakaa nyuma ya pazia. Mimi nawavisha watoto tu.

Leo kanituma niwaambie akina mama: kesho vichwa vioshwe kwa sabuni, visipakwe mafuta hata tone. Nikaanza kwa Sada. Sada anakamua mafuta ya nazi, hana mume, na akicheka nasahau nilichotumwa. Binti yake Mwahija, miaka minane, huzubaa katikati ya neno, macho wazi, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu anasema ni kiburi. Anamchapa. Kipimo kikionyesha ni ugonjwa, atapata dawa na fimbo zitakoma. Ijumaa tunahamia Lindi mjini, na mashine yetu.

Sada alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilipotaja kichwa bila mafuta akaacha. Akaniuliza, "Nimpeleke mwanangu kwa daktari kapauka kama hana mama? Mimi, mkamua mafuta? Mji mzima unicheke?"

Nikaona namkosa hivi hivi. Nikasema mafuta yake ni safi, mashine inayapenda. Akacheka. Akaniletea chai na muhogo. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye fundi wa mashine. Kisha nikayarudia yale ya mafuta nyumba zote, nikataja na mahali pa kuyapata. Akili!

Jumanne, 15 Julai.
Vichwa viling'aa. Kazi yangu ni kusugua ngozi kwa pamba ya spiriti kabla ya kofia. Kwa Mwahija sikusugua. Mama yake ananitazama, nifute mafuta yake mbele ya macho yake? Wengine nao niliwapitishia pamba juu juu tu.

Mawimbi yakaja kama majani yaliyopigwa na upepo. Watoto wote! Debora akasema hizo ni takataka, si ubongo: mtu akipepesa macho, akitafuna, hata umeme wa ukutani, vyote huingia kwenye kipimo. Akazima feni. Akamfukuza Iddi, dereva wetu, na simu yake. Iddi akalalamika kwamba simu yenyewe haina hata vocha, itasumbua ubongo wa nani? Nikacheka kuliko wote. Sasa nikikumbuka kile kicheko nataka kuingia chini ya kitanda.

Jumatano, 16 Julai.
Debora kabadilisha waya. Bado. Akasema huenda ni jenereta, ihamishwe. Nikaibeba mpaka nyuma ya choo. Bado. Nikaibeba mpaka kwenye mikorosho. Bado. Mgongo wangu! Iddi kagombezwa kwamba aliifunga vibaya. Nikajifanya nakunja waya.

Nikaona nisaidie. Kwa kuwa kupepesa macho ni takataka, nilimwamuru Mwahija asipepese. Machozi yakamtiririka. Nikamshika na taya asimeze mate. Mawimbi yakaruka mpaka juu ya kioo. Debora akauliza kwa sauti nani anamsukuma mtoto. Nikasema ni feni. Feni imezimwa tangu jana.

Jioni nikamuuliza Debora kwani kompyuta haiwezi kuzifuta hizo takataka. Akasema za macho inaweza, umbo lake inalijua. Hizi zimetapakaa kila mahali. Akizifuta zote atafuta na ugonjwa wenyewe, na Mwahija ataonekana mzima.

Mzima! Arudi kwenye fimbo. Wali umenishinda.

Alhamisi, 17 Julai.
Siku ya mwisho. Nilikusudia kusema. Nilipanga maneno huku naosha kofia, mazuri kabisa. Sada akaingia na mtoto. Hapo hapo Debora akaita, "Dismas, kamwage ndoo kwanza!" Mbele ya Sada! Maneno yote yakaenda na ndoo.

Niliporudi, Mwahija alikuwa amevishwa kofia, anahesabu vidole vya mama yake. Akakwama kwenye sita. Macho wazi. Kompyuta ikaonyesha majani tu. Kitu tulichokitafuta kimepita mbele yetu na hatukukiona!

Debora akatoka nyuma ya pazia. Akamvua Mwahija kofia, akakishika kile kichwa mwenyewe. Akanusa vidole. Nazi.

Akauliza nani kasema apakwe. Aliuliza kwa upole, bora angefoka. Iddi kasimama mlangoni. Sada akanitazama, akanitazama, kisha akasema, "Nimesahau, dada. Mazoea tu."

Mimi nikatazama sakafu. Ina nyufa nyingi ile sakafu.

Tukamwosha mtoto nje. Nasugua, Sada anamimina maji. Mwishoni akasema, "Sugua vizuri, fundi." Fundi! Afadhali angenipiga kwa kopo.

Alasiri Mwahija akazubaa tena. Safari hii mawimbi yalisimama makubwa, yamefuatana kama meno ya msumeno. Debora akapiga makofi kwa furaha. Daktari wa zahanati kamwandikia dawa. Debora kaenda mwenyewe shuleni kuzungumza na mwalimu. Watoto wengine wamerudishwa nyumbani waoge na kurudi. Wamerudi wote, wamepauka, mama zao wananikodolea macho.

Ijumaa, 18 Julai. Njiani kwenda Lindi.
Iddi anajua. Kaniambia, "We Mfipa, ukimtaka mwanamke mwambie unamtaka. Mashine inahusu nini?" Nimeona aibu mpaka Mchinga imepotea nyuma yetu.

Lakini nimefikiri. Sada alinisitiri. Mwanamke hamsitiri mtu bure! Hakutoka kuniaga, hiyo ni haya yake. Alimtuma Mwahija na chupa ya mafuta, na neno kwamba nijipake mwenyewe. Ananijali!

Debora kasema kofia iwe tayari kwa kesho. Nimeiosha. Vitufe vimeanza kushika kutu, hewa ya pwani hii. Nimevipaka mafuta ya Sada, kimoja kimoja, kidogo tu. Vinang'aa! Debora atashangaa.

Nimempigia mama. Nimemwambia Krismasi nipo nyumbani, na mke. Nikichelewa, Pasaka.